Mbuzi Aliyeliwa Jumamosi

Katika shule ya Morning Crown, kule Gitothua, mtoto alihesabiwa kuwa anajua kusoma iwapo angetamka maneno sitini ya Kiingereza kwa dakika moja, kabla simu haijalia. Akitamka mia moja, aliitwa jiniasi. Akitamka arobaini, wazazi wake waliitwa.

Mwalimu Ajwang alilidharau jambo hili kwa moyo wake wote, na moyo wake ulikuwa na nafasi kubwa ya dharau. Alimdharau mwenye shule, Bwana Kagwe, aliyeuza mabati na misumari huko Ruiru mpaka alipogundua kwamba watu hujenga nyumba mara moja lakini hulipa karo kila muhula. Aliwadharau wazazi waliofurahi kusikia mtoto akiongea Kiingereza cha puani kama katuni za televisheni, hata kama mtoto mwenyewe hakujua alichokuwa akisema. Aliwadharau walimu wenzake, vijana waliofundisha kwa jicho moja huku jingine likitafuta kazi nyingine kwenye simu. Na jioni nyingine, akiwa peke yake nyumbani kwake Kiganjo, Thika, akimenya viazi, alijidharau mwenyewe kidogo kwa kukaa miaka kumi na mmoja mahali alipopadharau. Lakini hiyo ilikuwa dharau ndogo, na ilikwisha viazi vilipoiva.

Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mmoja. Alitoka Ugenya akiwa bado bibi arusi, akamfuata mumewe, Nicanor, aliyekuwa amepata kazi katika kiwanda cha nguo mjini Thika. Alikuja na cheti cha ualimu chenye alama nzuri, akakihifadhi ndani ya karatasi ya nailoni, akaingoja barua ya serikali. Aliingoja miaka tisa. Ilipokataa kuja aliingia katika shule za watu binafsi, ambako hakuna anayekuuliza ulisomea wapi mradi unaweza kukaa na watoto thelathini kuanzia asubuhi mpaka jioni bila mmoja wao kuvunjika.

Nicanor alikuwa amefariki miaka minane sasa. Alikuwa mtu wa kusoma polepole kupita kiasi. Gazeti la Jumapili lilimfikisha Jumatano. Alisoma habari, akarudi juu, akaisoma tena, kisha akainua kichwa na kumwita binti wa Ugenya kwa Kiluo, "Nyar Ugenya, hebu sikia. Huyu mtu hapa juu anasema barabara imejengwa, na hapa chini anasema itajengwa."

"Unasoma kama mtu anayechambua mchele," Ajwang alikuwa akimjibu. "Geuza ukurasa, baba! Wenzako wameshafungia nyama hilo gazeti."

Nicanor hakugeuza. Alicheka tu, akarudi juu.

Muhula wa tatu ulipokaribia kwisha, Bwana Kagwe aliita mkutano wa walimu na kutangaza kwamba mwaka huu Grade 3 wote wangepimwa kusoma Kiingereza na watu wa nje, wataalamu, kutoka kampuni moja ya Nairobi. Atakayeshinda, picha yake itawekwa kwenye bango la langoni. Atakayeanguka atarudi Grade 2.

"Kuanguka ni nini?" Ajwang aliuliza.

"Chini ya sitini kwa dakika, madam. Na maswali, kama hajapata matatu kwa matano, hajaelewa. Ni sayansi."

"Na mtoto ambaye ni mpole wa kusoma?"

"Mpole akae na wapole wenzake," Kagwe akasema, na walimu vijana wakacheka, kwa sababu alikuwa mwajiri wao.

Mtaalamu mwenyewe alikuja Alhamisi. Alikuwa kijana anayeitwa Ronny, wa miaka ishirini na minne, mkazi wa Kahawa Sukari, mwenye viatu vyeupe visivyojua tope la Gitothua na simu mbili. Simu moja ilikuwa ya kuongea. Nyingine ilikuwa ya kuhesabu sekunde.

"Madam, usijali," alimwambia Ajwang alipouona uso wake. "Hii ni kupima tu. Mimi sifelishi mtu."

"Na hiyo orodha ya kurudisha watoto Grade 2 inatoka wapi?"

"Hiyo ni policy ya shule. Mimi napima tu."

"Hata mizani ya bucha husema hivyo," Ajwang akajibu, akamvutia kiti.

Kazi ilikuwa rahisi, na Ajwang aliidharau kwa urahisi wake. Mtoto alipewa karatasi yenye hadithi fupi. Simu ilibonyezwa. Mtoto alisoma kwa sauti dakika nzima, huku Ronny akikata kwa kalamu kila neno lililokosewa. Dakika ilipokwisha alipiga mstari pale mtoto alipofika, akachukua karatasi, kisha akauliza maswali. Lakini hakuuliza yote. Aliuliza yale tu ya sehemu iliyosomwa. Aliyefika mwisho aliulizwa matano. Aliyefika katikati aliulizwa mawili, na yale matatu mengine akaandikiwa sifuri, kana kwamba aliulizwa akashindwa. Ajwang alipoliona hilo alifungua mdomo, kisha akaufunga. Mwalimu wa darasa aliruhusiwa kuwepo kwa sharti kwamba asiseme neno.

Hadithi yenyewe ilihusu mtoto aitwaye Mary na mbuzi wake. Kampuni ilikuwa imeituma kwa simu, lakini Kagwe hakupenda kuona karatasi isiyo na jina la shule yake. Aliipeleka saiba, duka la kompyuta karibu na stendi ya Ruiru, akamwamuru msichana wa hapo aichape upya, taji la Morning Crown likae juu kwa rangi ya dhahabu, na namba yake ya simu chini. Aliipenda sana karatasi hiyo. Alitoa nakala mia mbili zaidi, zibandikwe nyuma ya kadi za ripoti ili kila mzazi aone watoto wa Morning Crown wanasoma vitu vya kiwango gani.

Katika Grade 3 kulikuwa na mtoto mmoja aliyekuwa amekwisha kurudishwa mara moja. Aliitwa Waceke, na alikuwa na miaka kumi. Mdogo wake, Maggie, alikuwa Grade 1, na mwaka ujao angeingia Grade 2. Jumatatu ya wiki ile mama yao, anayepika chapati mkabala na ofisi ya chifu, alikuja shuleni kabla ya kengele, aproni ikiwa bado imejaa unga.

"Teacher, nakuomba kama mama," alisema. "Huyu akirudi tena atakaa dawati moja na Maggie. Babake amesema hapana, hawezi kuona hiyo aibu. Amesema akirudishwa atampeleka Gatundu kwa shosho, mama ya babake, akae huko akate nyasi ya ng'ombe. Na huyo Mugo wangu akisema kitu, amesema."

"Mama Waceke, mimi sipimi. Anapimwa na wageni."

"Lakini wewe ndio unasaini, si ndio?"

Ajwang ndiye aliyesaini. Orodha ya wanaorudi haikuwa halali bila sahihi ya mwalimu wa darasa. Mwaka hata mwaka aliitia sahihi hiyo, akiidharau.

Hakumpenda Waceke mapema. Hakuwa mtoto wa kupendwa mapema. Alikuwa na macho ya kutazama kitu muda mrefu kuliko adabu, na alisoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe, akilijaribu kila jiwe kabla ya kuliwekea uzito. Kwa wiki mbili Ajwang alikuwa amebaki naye saa ya chakula cha mchana, simu yake ya kubonyeza mkononi, akimkimbiza.

"Usisimame!" alikuwa akimwambia. "Nimekwambia mara ngapi? Hata kama hujaelewa, pita. Songa mbele. Hakuna anayekuuliza kama umeelewa."

"Sawa, teacher."

Na kweli alikuwa amesonga. Kutoka thelathini na tano alifika hamsini, kutoka hamsini akafika sitini na tatu. Siku hiyo ya sitini na tatu Ajwang alimpa nusu ya chungwa lake, na mtoto akalila bila kucheka.

Alhamisi hiyo walipimiwa katika chumba kilichoitwa maktaba, ambacho kilikuwa na viti vya plastiki vilivyopangwa kimoja juu ya kingine, vikombe vya mashindano ya kwaya, na vitabu kumi na vinne. Watoto waliingia kwa mpangilio wa rejista. Wa sita alikuwa Cindy, binti wa Bwana Kilonzo mwenye duka la dawa. Cindy alisoma kama bomba lililopasuka. Aliimaliza hadithi yote, sauti ikipanda na kushuka mahali pazuri, akapumua, akaweka mikono magotini.

Ronny aliitazama simu, akapiga mluzi. "Mia na kumi na nane. Wueh! Cindy, who gave Mary the goat?"

"Her grandmother."

"What did the visitors eat?"

"The goat."

"What did the goat eat?"

"The cabbages."

Alipata yote matano. Kagwe, aliyekuwa mlangoni, alipiga makofi peke yake. Ajwang alitazama dirishani. Nje mtu alikuwa akianika magunia juu ya ua, na yeye aliyahesabu magunia hayo kwa utulivu, huku watoto wakiingia na kutoka na mbuzi wa Mary akipita masikioni mwake kama mvua juu ya bati. Alijiambia kwamba huu haukuwa usomaji. Alijiambia kwamba katika chumba kile hapakuwa na mtu aliyekuwa akisikiliza.

Waceke aliingia wa mwisho, wa thelathini na mmoja. Hapo Ajwang aligeuka kutoka dirishani.

Mtoto alianza vizuri. Ajwang hakuamini. Alikuwa akisonga, kidole chini ya mstari, bila kusimama, bila kurudi. Mary alipewa mbuzi na bibi yake. Jumamosi wageni walikuja. Baba akamchinja mbuzi, wakala, wakafurahi. Ajwang aliitazama simu ya Ronny kwa pembeni. Sekunde arobaini, na mtoto alikuwa amepita maneno arobaini na manne. Akiendelea hivi atafika sitini na tano. Atafika! Ajwang alijikuta ameshika ukingo wa kiti cha plastiki.

Waceke akasimama.

Kidole chake kilikuwa mwanzoni mwa aya ya tatu. Alikiangalia, macho yakatangulia mpaka mwisho wa aya. Kisha kikaanza kupanda. Kilipanda aya ya pili, polepole, kikafika ya kwanza, kikashuka tena.

"Go on," Ronny akasema.

Mtoto alimtazama mwalimu wake. Ajwang, aliyekatazwa kusema, alimkazia macho kwa nguvu zake zote: songa, songa, pita. Waceke akarudisha macho kwenye karatasi, akarudi juu.

Simu ikalia.

"Arobaini na nne," Ronny akasema, akapiga mstari. "Who gave Mary the goat?"

"Her grandmother."

"What did the visitors eat?"

Waceke alifikiri sana. Mwishowe akasema, "I don't know."

Moja kwa tano. Ronny aliandika, akafunga kalamu, akajinyoosha mgongo. Walikuwa wamemaliza.

Ajwang alimfuata mtoto mpaka nje, kando ya tangi la maji. Alikuwa na hasira, na hasira yake haikuwa nzuri.

"Ulikuwa umefika!" alisema. "Ulikuwa umebakisha hatua mbili! Nilikwambia nini wiki mbili hizi? Nilikwambia usisimame. Sasa unataka kwenda kukata nyasi?"

Waceke alikuwa analia bila sauti. "Teacher, walikuwa wamemkula."

"Nani?"

"Mbuzi."

"Ndiyo, walimla. Kwani huko kwenu mbuzi wanafanywa nini, wanapelekwa church?"

"Lakini teacher, hapo chini ako na njaa."

"Hapo chini wapi?"

"Amesharuka fence. Amekula kabeji ya jirani. Na walikuwa wamemkula Jumamosi." Mtoto alipangusa pua kwa mkono wa sweta. "Nikafikiria nimesoma vibaya. Nikarudi kuangalia kama ni mbuzi wawili."

Ajwang aliingia maktaba, akachukua karatasi moja mezani mbele ya Ronny, ambaye alikuwa akinywa soda, akatoka nayo tena. Alisoma akiwa amesimama juani.

Bibi alimpa Mary mbuzi. Jumamosi wageni walikuja, baba akamchinja mbuzi, wakala nyama, wakaimba. Siku moja mbuzi alikuwa na njaa kali. Aliruka ua, akala kabeji za jirani, na jirani akakasirika sana, na Mary akamfunga mbuzi kwa kamba. Mwisho.

Aliisoma mara ya pili, kisha ya tatu, kwa kidole. Msichana wa saiba alikuwa amebadilisha aya mbili, ya pili ikakaa mahali pa ya tatu. Na mbuzi yule, akiwa ameshachinjwa, ameliwa na mifupa imetupwa, alikuwa ameruka ua mbele ya watu wazima watatu mara nyingi asubuhi ile. Ajwang mwenyewe alikuwa amemsikia akiruka. Alikuwa amekaa pale akiwadharau wote kwa kutosikiliza, na huku akihesabu magunia.

Alimwita Cindy, aliyekuwa akiruka kamba.

"Cindy, katika ile hadithi, mbuzi alichinjwa?"

"Yes, teacher. On Saturday."

"Na kabeji alikula nani?"

"The goat, teacher."

"Baada ya kuchinjwa?"

Cindy alifikiri kidogo, akatabasamu, maana alijua walimu hupenda tabasamu. "Yes, teacher. He was very hungry."

Ajwang alimrudisha kwenye kamba yake. Hakumdharau. Mtoto alikuwa amefanya kile alichofundishwa. Swali lililomchoma lilikuwa jingine: ni nani aliyemfundisha.

Alimkuta Kagwe ofisini pamoja na Ronny. Orodha ilikuwa tayari mezani, yenye majina matatu: Akoth, Maluki, Waceke. Kalamu ilikuwa imewekwa juu yake.

"Madam Ajwang, mbona sura ya matanga?" Kagwe alisema. "Keti usaini tumwachilie kijana arudi kwao."

"Dairekta, soma hii."

"Si nimeisoma? Mimi ndiye niliipeleka saiba."

"Isome tena. Kwa sauti. Unionyeshe vile mtoto wa Morning Crown anafaa kusoma."

Kagwe hakuwa mtu wa kukataa jukwaa. Alikohoa, akainua karatasi, akaisoma kwa sauti ya mhubiri, haraka, bila kujikwaa, akaitua mezani kwa kishindo kidogo. "Ronny, hizo ni ngapi?"

"Dairekta, hiyo ni mia na thelathini, easy," Ronny akacheka.

"Hongera," Ajwang akasema. "Mbuzi alikufa lini?"

"Jumamosi. Wageni wakaja."

"Kabeji alikula lini?"

"Ile siku alikuwa na njaa."

"Siku gani, dairekta?"

Kagwe akaitazama karatasi tena. Uso wake ulianza kufanya kazi ambayo haukuwa umeizoea. Ronny alinyoosha mkono, akaivuta karatasi, akaisoma kimya, na viatu vyake vyeupe vikaacha kutikisika chini ya kiti.

"Aki ya nani," akasema polepole. "Hii paragrafu imeruka. Ile tuliwatumia haikuwa hivi."

"Ni huyo msichana wa saiba!" Kagwe akapaza sauti. "Hawa watoto wa siku hizi, unawapa kazi, macho iko TikTok!"

"Msichana wa saiba aliichapa mara moja," Ajwang akasema. "Huyu kijana ameisikia mara thelathini na moja akiwa na saa mkononi. Mimi nimeisikia hizo zote. Wewe umeisoma sasa hivi kama Injili. Katika shule hii nzima leo mtu mmoja ameisoma hii hadithi, na jina lake liko hapo chini ya hiyo kalamu."

Ronny alikuna kichwa. "Madam, mimi nakuelewa. Lakini fomu yangu haina mahali pa hiyo. Mtoto akinyamaza naandika hajajibu. Siwezi kuandika amefikiria."

"Najua huwezi."

"Kwa hivyo matokeo ni yale yale," Kagwe akasema, akipata nguvu. "Sheria ni sitini. Tukianza kubembeleza mmoja, kesho wote watasimama katikati wakisema wanafikiria."

"Hizo karatasi mia mbili za kadi za ripoti umeshabandika?"

"Zimebandikwa. Kwani nini? Wazazi hawasomi nyuma ya kadi."

Alisema kweli, na Ajwang alijua kwamba alisema kweli, na hilo lilimchukiza kuliko yote.

"Mama Waceke atasoma," akasema. "Siku ya kadi nitasimama naye hapo langoni, chini ya bango lako, nimsomee hiyo hadithi polepole, nimtafsirie. Akiuliza mtoto wake amerudi Grade 2 kwa nini, nitamwambia ni kwa sababu alikataa kumwona mbuzi aliyeliwa akiruka ua. Na yule mama akianza kuongea, dairekta, wewe unajua anapika chapati wapi. Ofisi ya chifu yote inakula kwake."

"Haiya! Madam, unanitisha ndani ya ofisi yangu?"

"Nakusomea tu. Hadithi ni yako, ina namba yako ya simu."

Ronny aligeuza kicheko kikawa kikohozi. Kagwe aliitazama karatasi ile yenye taji la dhahabu, akaitazama muda mrefu, kama mtu aliyeuziwa mabati yenye kutu. Kisha akaichukua kalamu yeye mwenyewe, akalikata jina la Waceke kwa mstari mmoja mnene.

"Haya. Amepita. Na hiyo hadithi usiitaje tena. Sasa saini hao wawili tumalizane."

Ajwang alipokea kalamu. Akoth. Maluki. Alijaribu kukumbuka Akoth alisimama wapi. Alikuwa miongoni mwa wa kwanza, mtoto wa sauti ndogo, na aliposoma Ajwang alikuwa tayari amegeukia dirisha. Na Maluki? Kuna mahali alinyamaza, hilo alilikumbuka, na Ronny akasema go on, na baada ya hapo yalikuwa magunia tu. Hakujua. Alikuwa mita mbili kutoka kwao na hakujua kama walishindwa na maneno, au na hofu, au kama nao walirudi juu kumtafuta mbuzi wa pili.

Akafikiria orodha ya mwaka jana, na ya mwaka juzi. Sahihi yake ilikuwa nzuri, ya mtu aliyefundishwa mwandiko chuoni. Alikuwa ameitia kwa dharau kila mara, na alikuwa amedhani kwamba dharau ile inamtenga na wao.

"Sisaini," alisema.

"Tena?"

"Nipe wiki moja."

"Wiki moja ya kufanya nini, Madam Ajwang?"

"Ya kuwauliza."

Kagwe alimtupia Ronny jicho la mtu anayeteswa na wazee, akatupa mikono juu. Ajwang aliweka kalamu, akachukua mkoba wake, akaondoka kabla mmoja wao hajabadilisha nia.

Jumamosi alikaa mlangoni pa nyumba yake, Kiganjo, na gazeti la wiki iliyotangulia alilofungiwa ndizi. Hakuwa amesoma gazeti tangu Nicanor afariki, alilipitia tu. Sasa alisoma habari moja kuhusu mabomba ya maji, akarudi juu, akaisoma tena. Ilimchukua muda mrefu. Jirani yake aliyekuwa akifua alimuuliza kama kuna mtu amekufa, maana aliona ameinamia ukurasa hivyo.

"Hapana," Ajwang akasema. "Natafuta kama haya maji yameshakuja au yatakuja."

"Si ungeangalia mfereji?" jirani akasema, akacheka, na Ajwang akatikisa kichwa, kwa kuwa ni jibu ambalo yeye mwenyewe angelitoa.

Jumatatu bango lilikuwa limetundikwa langoni. Cindy alikuwa juu yake, mkubwa kuliko mlango, taji la dhahabu limebandikwa kichwani pake kwa kompyuta, na kifuani pake maandishi: 118 WORDS PER MINUTE. Watoto walipita chini yake wakikimbia. Waceke peke yake alikuwa amesimama, mkoba mgongoni, kichwa nyuma, midomo ikienda polepole.

Mamake alikuwa ameshaambiwa. Alfajiri hiyo alikuwa ameleta chapati nne zilizofungwa kwa gazeti, akampa bawabu, akaagiza zifike kwa Teacher zikiwa moto. Babake, mtoto alisema, hakuwa ameitaja Gatundu tena.

"Umemaliza kusoma?" Ajwang akamuuliza, akisimama karibu naye.

"Nimemaliza, teacher." Waceke hakushusha macho. "Sasa teacher, Cindy akifika mwisho haraka hivyo, huwa anafanya nini?"

Ajwang aliangalia bango. Alitaka kusema neno kali juu ya Kagwe, na neno lilikuwa tayari mdomoni, kama kawaida. Hakulisema.

"Anangoja wenzake," akajibu. "Twende. Niitie Akoth, uje naye maktaba. Mwambie sina saa."

Maktabani aliteremsha viti viwili vya plastiki, akavitazamanisha. Akoth aliingia akiwa ameshikilia kola ya sweta, akakaa kwenye ukingo, tayari kukimbia. Ajwang alimpa karatasi ile ile, taji likiwa juu.

"Alhamisi ulisimama mahali," alisema. "Nyathina, mtoto wangu, nionyeshe kwa kidole. Halafu uniambie ulikuwa umeona nini."

Mtoto alimtazama usoni, kisha dirishani, kisha karatasini. Ajwang alingoja, mgongo wake ukiwa umelielekea dirisha la magunia.